Gambuti za Maji

Jumamosi ile niliamka na hasira na madumu.

Yalikuwa tisa, ya njano, yamepangwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila nikiufungua moja linaniangukia mguuni. Aliyekuwa akiyakusanya ni mume wangu, Asajile. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kupasua mbao, huko Kongo, na alikuwa ameishi katika mji ule miaka miwili peke yake kabla sijamfuata na watoto wetu wawili. Kila dumu la mafuta lililokwisha kiwandani alikuwa akiliomba, analisugua kwa majivu na mchanga, analileta nyumbani. Bomba pale lilikuwa likitoa maji siku mbili tatu kwa wiki, na kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na rundo kama letu.

Mimi nilikuwa na miezi minne tu pale. Natoka Tukuyu, kule Rungwe kwenye mvua. Kwetu ukitaka maji unatega sufuria chini ya bati, unaingia ndani kumenya ndizi, ukitoka imejaa. Sijawahi kuona mtu wa Rungwe anaweka akiba ya maji. Sisi tunaweka akiba ya kuni kavu, ndiyo shida yetu. Kwa hiyo nilipoyatazama yale madumu niliona uchafu, basi.

Mji wenyewe sitautaja jina. Kuna watu waliotutendea wema ambao bado wanaishi pale, na sijui leo mtaa wao unatawaliwa na nani.

Asubuhi ile akapita mtu na mkokoteni, anapiga kengele, anabadilisha vyombo vya zamani kwa vipya. Alikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu na kifuniko cha kubonyeza. Jamani, nilikuwa nimeitamani chupa ya namna ile tangu niolewe. Akasema, kwa madumu yote. Nikampa yote. Lugano, binti yangu wa miaka minane, ndiye aliyeyabeba, mawili mawili, mpaka getini. Mdogo wake Ipyana, wa miaka mitatu, alikuwa akimfuata nyuma na kifuniko kimoja mkononi, na alipoambiwa akitoe alikataa katakata. Kikabaki.

Jioni Asajile akarudi, akafungua mlango wa jikoni, hakuna kilichoanguka. Akasimama pale pale.

"Mama Lugano, madumu yako wapi?"

Nikamwonyesha chupa. Nilikuwa nimeshaijaza chai ya maziwa. Akaizungusha mkononi, akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza, mengine baadaye.

"Nzuri," akasema. "Lakini huku siyo Tukuyu."

"Si maji yanatoka? Mimi sikuja huku kulala ghalani."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Mdomo wangu ulikuwa mkali tangu utotoni, mama yangu alinipiga mpaka akachoka. Asajile akasema Jumatatu ataanza kukusanya mengine. Tukanywa chai, ikabaki ya moto mpaka kikombe cha mwisho.

Jumatatu hakwenda kazini.

Kulipopambazuka nilisikia ngurumo. Mtu wa Tukuyu akisikia ngurumo anawaza nguo zilizo kwenye kamba, kwa hiyo niliinuka nikaanue. Asajile akanikamata mguu, akanivuta chini. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Lala," akasema. "Siyo mvua."

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Mbele geti la chuma, nyuma kiua kidogo chenye ukuta. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghorofa lisilokwisha, na ilipofika saa nne watu wenye bunduki walikuwa wameshapanda juu yake. Chini yake wakaweka magogo barabarani. Kutoka kule juu kiua chetu kilikuwa wazi mbele ya macho yao, kuanzia kizingiti mpaka ukutani. Hatukujua ni wa upande gani, na sijajua mpaka leo.

Umeme ukakatika. Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.

Tulikuwa na ndoo moja, nusu, na beseni lililokuwa na maji ya kulowekea nguo.

Jirani wa nyuma alitoka kumwingiza mbuzi wake. Tulisikia mlio mmoja. Mbuzi aliendelea kulia mpaka jioni.

Baada ya hapo hakuna aliyetoka. Jirani wa ubavuni, Mama Furaha, mwanamke mwenyeji mwenye watoto watano, alikuwa akizungumza nasi kupitia tundu la tofali lililong'oka ukutani, karibu na dirisha la jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao.

"Mama Lugano, musitoke. Beko kule juu. Beko banaangalia."

Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kona ya chumba nimewakumbatia watoto, na Asajile ndiye aliyepika ugali. Siku ya pili Ipyana alianza kulia anataka kwenda nje kucheza. Mtoto wa miaka mitatu ukimfungia ndani halafu ukamwambia asipige kelele, utamwambia kwa sababu gani aelewe? Asajile akanitazama, nikamtazama. Kelele ndiyo tuliyoiogopa kuliko njaa, maana mtaa wa pili wenye bunduki walikuwa wameshaanza kuingia nyumba zenye watu.

Basi nikaanza mchezo. Nilichukua kopo tupu la nyanya, nikaliweka katikati ya mkeka, nikanong'ona: "Kitu hiki kina kazi gani nyingine?" Anayejibu ajibu kwa kunong'ona, akipaza sauti, zamu inampita. Lugano akasema, kikombe. Ipyana akasema, kofia. Akalivaa. Tukapata kicheko cha kwanza tangu Jumatatu, kicheko cha puani.

Mchezo ule ukawa ndiyo maisha yetu. Soksi kuukuu tukazivisha miguu ya vigoda ili visikwaruze sakafu, na nyingine watoto wakavaa badala ya kandambili zinazopiga pata pata. Boksi la sabuni likawa ubao wa drafti: Lugano anacheza na maharage meupe, baba yake na maharage mekundu, na kile kifuniko cha dumu cha Ipyana kikawa mfalme wa pande zote mbili. Maji nayo tukayapangia kazi. Kitambaa kimoja kinaloweshwa kidogo, anafutwa uso Ipyana, kisha Lugano, kisha mimi, kisha Asajile, kinakamuliwa kwenye kopo, na kopo linakwenda chooni. Mchele tuliacha kuosha. Maji ya maharage tulikunywa na chumvi, hata tone halikumwagwa. Lugano ndiye niliyempa ulinzi wa ndoo. Hakuna aliyegusa bila ruhusa yake, baba yake akiwemo, na alikuwa mkali, mwe! Alinirithi.

Siku ya tatu alikuwa amechoka kuchagua makopo. Akatazama kila kona ya chumba, macho yakaishia nyuma ya mlango wa mbele, tulipokuwa tumetundika vitu vyetu vya kutoka nyumbani.

"Mwavuli," akanong'ona. "Ukigeuzwa ni beseni."

Kisha akasema: "Na gambuti ni ndoo mbili."

Gambuti, zile buti ndefu za mpira, zilikuwa za baba yake. Mtu wa Rungwe anasafiri na mwavuli na gambuti hata akienda jangwani, ndivyo tulivyolelewa. Pale mjini hakuzivaa hata siku moja, maana kulikuwa na mawe na vumbi, na watu walivaa kandambili mwaka mzima. Zilining'inia tu. Asajile akampa Lugano mkono, kama mtu mzima anavyompongeza mtu mzima mwenzake.

Siku hiyo hiyo, mchana, mvua ikanyesha. Ilikuwa kiangazi, sijui ilitoka wapi. Nilipoisikia juu ya bati machozi yakanitoka.

Mlango wa nyuma ulikuwa ukifungukia kiuani. Nilifunga kanga kwenye mpini wa mwavuli, nikaufungua, nikaugeuza kichwa chini. Nikalala kifudifudi sakafuni. Asajile akafungua mlango kiasi cha kupita mwavuli, nami nikausukuma kwa mti wa fagio, polepole, mpaka ukafika chini ya michirizi ya bati.

Ukajaa. Nikavuta kanga. Tukachota kwa kikombe, tukamimina kwenye beseni.

Nikausukuma tena.

Mara ya tatu risasi ikapiga.

Sikusikia mlio kwanza. Niliona mwavuli ukiruka.

Nililala pale, shavu kwenye saruji, nikingojea ya pili. Haikuja. Juu kule mtu alicheka, akasema neno kwa mwenzake. Asajile alikuwa ameshika kisigino changu na hakukiachia.

Nikauvuta taratibu. Ulikuwa na tundu moja, dogo. Lugano akakimbilia kipande cha sabuni ya mche, akakilowesha, akaliziba. Hatukuusukuma tena, lakini tulipata maji ya beseni zima na gambuti zote mbili. Ndani ya gambuti nilitangulia kuweka mifuko ya mkate ili maji yasiguse mpira, lakini wapi, harufu ilipita.

Ipyana akanywa, akakunja uso. "Maji yananuka miguu ya Baba."

Asajile akacheka mpaka akalazimika kuuma mto. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka kwa hakika.

Mvua haikurudi. Tulinyweshana kwa vijiko, na bado siku ya sita beseni likakauka, gambuti moja ikawa tupu na nyingine ilikuwa imebaki ya kufika kifundoni. Siku hiyo Ipyana akaanza kuhara.

Nilichemsha maji kwa mkaa wa mwisho, nikatia chumvi na sukari, nikayahifadhi kwenye ile chupa ya chai. Yalikaa safi, na sikuwa na haja ya kuwasha moto tena. Hilo lazima niliseme, maana nimeichukia sana ile chupa: ilifanya kazi yake. Lakini alichokunywa kilitoka, na macho yake yalianza kuingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole haikurudi haraka. Kila mama anajua maana yake.

Mama Furaha akanong'ona kwenye tundu kwamba kanisani, nyuma ya kizuizi cha mwisho wa mtaa, kuna bomba la kisima linalotoa maji. Wale wenye bunduki walikuwa wameanza kuruhusu wanawake wenye madumu kupita mchana, kwa muda wa saa moja tu. Dumu la njano lilikuwa ndiyo kibali. Likiwa mkononi, hakuna haja ya kujieleza.

"Lete dumu nikuwekee mayi," akasema.

"Sina."

"Hata moya?"

"Hata moja, Mama Furaha."

Mwenyewe alikuwa na madumu mawili na watoto watano. Kisha akasema nimpe chochote chenye kifuniko. Nikampitishia chupa ya chai kutoka dirisha la jikoni, juu ya ukuta, kwa mti wa fagio. Akairudisha imejaa. Ndiyo iliyomfikisha Ipyana siku ya saba.

Siku ya saba Mama Furaha alitoka tena na hakurudi. Mapigano yalizuka upande wa kanisa, njia ikafungwa, na waliokuwa kule wakabaki kule. Watoto wake tuliwasikia wakilia ng'ambo ya ukuta. Kwetu ikabaki robo ya chupa.

Siku ya nane, saa tatu asubuhi, kukawa kimya. Ipyana alikuwa halii tena. Alikuwa amelala kifuani kwangu ameshika nguo yangu, midomo imepasuka.

"Nitakwenda mimi," nikasema. "Wanawake wanapita."

"Wanapita wenye madumu," Asajile akasema.

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya. Akajaribu kumchukua mtoto mikononi mwangu, na Ipyana, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia, akatoa sauti ambayo ilitufanya wote tuangalie dirishani.

"Unaona?" akasema. "Hatakaa na mimi. Watu wa kizuizini wawili ni vijana wa kiwandani, wananijua."

Akachukua gambuti. Akatoa mifuko ya mkate, akaigeuza, akairudisha. Sufuria ingemwaga, alisema, na ingemshika mikono. Alitaka mikono iwe huru, wakisema inua, ainue. Akazitoboa gambuti kwa msumari karibu na ukingo wa juu, akapitisha kamba, na Lugano akafunga fundo. Akazivaa shingoni, moja kila upande. Miguuni alikuwa na kandambili.

"Ndoo zako ninazo," akamwambia Lugano.

Mimi aliniambia nisimnyweshe mtoto kwa pupa. Akatoka.

Tukasikia geti.

Nikahesabu hatua mpaka zikapotea.

Mchana milio ikaanza, ikakoma. Hakuna kilichokuwa tofauti na milio ya siku nyingine. Nilimdondoshea Ipyana maji kwa kijiko cha chai, nangoja ayameze, nadondosha tena. Lugano alikaa ameegemea mlango wa mbele, sikio kwenye ubao. Nilimwambia aondoke pale. Hakuondoka, wala mimi sikurudia.

Jua likatua. Chupa ikaisha.

Siku ya tisa asubuhi geti likalia na Lugano akaruka kufungua. Alikuwa Mama Furaha, na dumu la njano kichwani, limejaa mpaka shingoni. Aliingia nalo kwetu kabla hajafika kwake.

"Kunywesha mutoto kwanza," akasema.

Nilimnywesha. Nilimnywesha kidogo kidogo, kama nilivyoagizwa. Mama Furaha alisimama akiangalia, na hakusema kitu mpaka Ipyana alipolowesha midomo, akakohoa, akafumbua macho akataka zaidi. Ndipo nikajua. Mtu mwenye habari njema hangojei hivyo.

Mama Furaha alikuwa ukutani kwa kanisa akaona yote. Kizuizini hawakuwa vijana wa kiwandani. Zamu ilikuwa imebadilishwa na mapigano ya jana yake. Na katika mji ule, jambo ambalo wote walilijua isipokuwa sisi wawili kutoka Rungwe, gambuti zilivaliwa na watu wa aina moja tu: wapiganaji waliotoka msituni. Mwanamume mwenye kandambili miguuni na gambuti shingoni, kwao alikuwa ni adui aliyevua viatu ili ajichanganye na raia.

"Balimuuliza zile mabuti ni za nani," Mama Furaha akasema. "Akasema ni za mayi. Balicheka."

Sikumuuliza zaidi.

Lugano alikuwa amesimama kando ya dumu. Nilidhani hakusikia, kwa sababu nilitaka asiwe amesikia.

Tulitoka siku ya kumi na mbili, pamoja na watu wa kanisa, tukavuka ziwa mpaka Kigoma. Nilikuwa na watoto wawili, chupa ya chai, shati la Asajile la kazini na kile kifuniko cha dumu, ambacho Ipyana alilala amekishika mkononi.

Kwao Asajile ni Masoko, huku huku Rungwe. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua wazike shati. Siku ya msiba mvua ilinyesha tangu asubuhi, na watu walikuja wengi, maana alipendwa. Nilitoka ndani kwenda kaburini nikakuta barazani gambuti za waombolezaji zimepangwa ukutani, jozi kwa jozi, nyeusi, zinang'aa kwa maji. Nikaanguka. Wanawake wakanibeba wakisema ni uchungu wa mume. Mama mkwe wangu aliponiuliza amekufaje, nikamwambia, risasi. Akasema, "Ndaga, mwanangu, kwa kuniletea wajukuu," akanishika kichwa. Amekufa bila kusikia habari ya madumu kutoka kwangu. Gambuti nazo sikumtajia, wala sikumtajia mtu mwingine yeyote.

Sasa nina nyumba yangu hapa Tukuyu, na watu wananiita Bibi Dumu. Wanacheka, nami nawaacha. Nina madumu ishirini na kitu, yote yamejaa maji, chini ya bati linalotiririsha mvua mwaka mzima. Ndoo iliyopasuka naishona kwa waya wa moto, kopo la rangi linakuwa chungu cha maua, kanga iliyochakaa inakuwa kitambaa, na kitambaa kikichakaa kinakuwa cha masizi. Watoto wa majirani wanakuja tucheze ule mchezo. Wanajua sheria moja ya nyumba hii: gambuti zinavuliwa nje ya geti, siyo barazani. Ukitaka kunikasirisha, zilete barazani.

Ipyana yuko Kiwira, anaendesha lori. Mtu mzima, ana kitambi. Baba yake hamkumbuki hata kidogo. Aliwahi kuniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikamwambia alikuwa mtu wa kucheka kwanza.

Mwezi uliopita Lugano alikuja kutoka Suma, anakofundisha shule, pamoja na binti yake Tusekile wa miaka saba. Tulikuwa jikoni, Lugano anamenya ndizi za mbalaga, mvua imetuzingira kama kawaida yake, na mimi na mjukuu tunacheza. Kopo. Kifuko cha unga. Mwiko uliovunjika. Mtoto yule ana akili nyepesi, kila kitu anakipatia kazi tatu. Halafu akageuka akatazama nje, kwenye geti, vilipokuwa viatu vyake.

"Gambuti!" akasema. "Nikizitoboa chini, napanda vitunguu."

"Hapana!" Nilipiga kelele mpaka mwenyewe nikashtuka. "Kwenye mchezo huu hakuna gambuti! Nani kakufundisha ujinga huo?"

Mtoto akaanza kulia. Lugano akaweka kisu chini.

"Usimfokee, Mama. Mwenye kosa ni mimi."

"Kosa gani?"

"Mimi ndiye niliyesema gambuti ni ndoo." Alikuwa anaangalia maganda ya ndizi. "Na fundo nilifunga mimi."

Miaka zaidi ya ishirini. Nililala naye kitanda kimoja mpaka alipokwenda chuo cha ualimu, na sikujua. Nilinyamaza nikidhani namkinga asijue, kumbe alikuwa amesimama kando ya lile dumu na kusikia kila neno, akalibeba peke yake, mtoto wa miaka minane, kwa sababu mama yake hakufungua mdomo. Mimi, mwenye mdomo wa kumfokea kila mtu.

Nikainuka, nikaitoa ile chupa kabatini. Maua yamefifia, na kibonyezo hakifanyi kazi. Nikaiweka mbele yake.

"Hii nilibadilisha na madumu tisa," nikasema. "Siku mbili kabla ya mapigano. Baba yako angeshika dumu, huenda angepita. Au ningepita mimi. Hilo ndilo kosa lililokuwepo, na ni langu."

"Najua. Niliyabeba mpaka getini."

"Nilikutuma."

"Na mimi nilifurahi, Mama. Nilipenda maua."

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu msibani, kilio ambacho Masoko hakikutoka. Lugano akalia nami. Waliomuua ni wale wenye bunduki, hilo tulilijua wote wawili tangu mwanzo, na halikuwahi kutusaidia. Hatukuambiana kwamba hakuna mwenye kosa. Tulikaa tu, kila mmoja ameshikilia mkono wa mwenzake, utomvu wa ndizi ukitunata, na kwa mara ya kwanza tukamtaja Asajile kwa jina mle ndani mpaka tukachoka.

Tusekile alikuwa ameacha kulia zamani. Alikuwa anatutazama, na ana subira kidogo, ni wa kwetu.

"Bibi," akasema, "basi gambuti ina kazi gani nyingine?"

Lugano akanitazama.

"Kubeba maji," nikamjibu. "Babu yako alizibebea maji."

Mtoto akaona ni jibu la kawaida. Akatoka mbio mvuani, akazichukua gambuti zake getini, akazileta barazani na kuzisimamisha chini ya michirizi ya bati, bega kwa bega. Lugano alitaka kuinuka amzuie. Nikamshika goti, nikamwambia amwache.

Akarudi kwenye ndizi zake. Alipomaliza kumenya, gambuti zote mbili zilikuwa zimejaa.